Fedha za jeshi: ukiwa Lamu, ufuate mswada wa Nairobi au wa Washington?

Kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya iko Magogoni, kwenye Ghuba ya Manda. Kando yake kuna Camp Simba, wanakokaa wanajeshi wa Marekani, na uwanja wa ndege uliovamiwa na Al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020. Eneo ni moja lakini mabunge yanayolilipia ni mawili. Moja liko Nairobi na hufunga mwaka wake wa fedha 30 Juni. Jingine liko Washington na huanza mwaka wake 1 Oktoba. Kikundi cha wavuvi cha Amu (ndiyo Lamu), mwanahabari wa redio ya pwani au mwanafunzi wa sheria anayetaka kuuliza, kuandika au kupinga hana muda wala nauli ya kuyafuata yote mawili kwa uzito sawa.

Uamuzi wetu tunauweka mbele, asiye na muda asome hapa aishie hapa. Ukitaka kusikilizwa, nenda Nairobi, tena mapema, kati ya Februari na katikati ya Mei. Ukitaka karatasi zenye maelezo ya kina, soma za Washington. Na ukitaka kujua fedha hasa zilikwenda wapi, mswada wa kila mwaka hautakutosha popote pale. Hapo fuata bajeti ya ziada, yaani ile inayobadilisha makadirio katikati ya mwaka, na ripoti za ukaguzi.

Kabla ya kulinganisha, tuondoe mkanganyiko unaowapotezea watu wengi nguvu. Mswada wa Fedha si mswada wa matumizi. Mswada wa Fedha ndio wa kodi: unasema serikali itachukua nini mfukoni mwako. Mswada wa Matumizi ndio unaosema kila wizara itapata kiasi gani, na jeshi limo humo. Mwaka 2024 tofauti hiyo ilionekana waziwazi. Baada ya maandamano ya 25 Juni Rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha, lakini ule wa Matumizi aliutia saini siku chache baadaye, kisha makato yakaletwa kwa bajeti ya ziada. Aliyeandika maoni kuhusu jeshi akayapeleka kwenye kamati iliyokuwa ikikusanya maoni ya Mswada wa Fedha alibisha hodi nyumba ya jirani.

Nairobi: mswada ni mmoja, milango ni kadhaa

Kenya haina sheria ya kila mwaka iliyo ya jeshi peke yake. Wizara ya Ulinzi ni fungu moja ndani ya Mswada wa Matumizi, fungu nambari 1041. Idara ya Ujasusi ina fungu lake, 1281. Ishike nambari hiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo utakayoitafuta katika kila karatasi kuanzia makadirio hadi ukaguzi.

Safari huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inamtaka Waziri wa Fedha atoe waraka wa kuongoza bajeti kabla ya 30 Agosti kuisha. Wizara hukaa katika vikundi vya sekta. Ulinzi na Ujasusi wako katika sekta ya usalama wa taifa, na polisi wako katika sekta nyingine kabisa, ya utawala na haki. Ifikapo 15 Februari, Taarifa ya Sera ya Bajeti lazima iwe imefika Bungeni. Hapo ndipo viwango vya juu vya kila sekta huwekwa. Baada ya Bunge kuipokea taarifa hiyo na kutoa maamuzi yake, kuisogeza sekta nzima juu au chini ni kama kugeuza jahazi lililokwisha pandisha tanga: linageuka, lakini kwa shida.

Kufikia 30 Aprili, makadirio yenyewe huwasilishwa Bunge la Taifa, miezi miwili kabla ya mwaka kuisha, kama Kifungu cha 221 cha Katiba kinavyotaka. Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni hulipitia fungu 1041. Kamati ya Bajeti na Matumizi hukusanya ripoti za kamati zote. Kifungu hichohicho kinailazimisha kamati itafute maoni ya wananchi na kuyazingatia katika mapendekezo yake. Hii si hisani ya mbunge. Ni sharti la Katiba, na ndiyo sababu tunasema mlango wa Mei ndio wenye thamani kuliko yote.

Baada ya hapo mambo huenda mbio. Bunge hukaa kama Kamati ya Ugavi na kupitisha mafungu moja baada ya jingine, Mswada wa Matumizi husomwa mara tatu, kisha Rais huwa na siku 14 za kuutia saini au kuurudisha na sababu. Akikaa kimya siku hizo zikaisha, mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Lengo ni kumaliza kabla ya 30 Juni. Ile hotuba ya bajeti inayowakusanya watu mbele ya televisheni huja mwishoni, wakati kamati kwa kawaida zimeshamaliza kazi. Kungoja hotuba ndipo uanze kuandika ni kufika gatini Mokowe na kuikuta boti imeshaondoka.

Kalenda hii ina ugumu wake kwa watu wa Lamu. Februari ni kaskazi, bahari imetulia, na mvuvi hana sababu ya kukaa ofisini kuandika barua. Mei kusi imeingia na masika yameanza. Watu wako nyumbani, lakini kusafiri kwenda kikaoni ni taabu. Kamati ya Bajeti hufanya vikao mashinani, ila huchagua kaunti chache kila mwaka, si zote 47. Zamu ya Lamu isipofika, maoni ya maandishi kwa Karani wa Bunge la Taifa yana uzito uleule kisheria. Tangazo la kuyaita hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na mara nyingi hutoa siku chache tu. Andaa barua yako Machi, uache nafasi za tarakimu, uzijaze makadirio yakitoka.

Na uwakilishi? Bunge la Taifa lina wabunge 349 mbali na Spika. Lamu ina watatu humo: wa Lamu Mashariki, wa Lamu Magharibi na mwakilishi wa wanawake. Seneta wa Lamu hapigi kura kwenye Mswada wa Matumizi. Huo ni wa Bunge la Taifa peke yake. Lakini Seneta ana kura pengine, na tutapafikia.

Washington: miswada mitatu yenye sura ya mmoja

Marekani ina sheria ya ulinzi ya kila mwaka ijulikanayo kwa herufi NDAA. Imepitishwa kila mwaka tangu 1961 bila kukosa hata mara moja, jambo ambalo sheria chache za nchi ile zinaweza kujivunia. Ya mwaka wa fedha 2024 ilitiwa saini 22 Disemba 2023 ikiwa na takriban dola bilioni 886, na ya 2025 ilitiwa saini 23 Disemba 2024 ikiwa na takriban bilioni 895.

Kosa la kwanza la wasomaji wa kwetu liko hapo. Bilioni hizo si fedha zilizotolewa, ni idhini. NDAA inasema jeshi linaruhusiwa kufanya nini, kwa kiwango gani na kwa masharti gani. Fedha zenyewe hutoka katika sheria nyingine, ya matumizi ya ulinzi, inayopitia kamati nyingine. Na fedha za kujenga, yaani majengo, gati au njia ya ndege, haziko hata humo. Ziko katika sheria ya tatu inayounganisha ujenzi wa kijeshi na huduma za wanajeshi wastaafu. Mradi ukiwa na idhini bila fedha hubaki karatasi. Ukiwa na fedha bila idhini, kwa kawaida mkono wa mjenzi umefungwa.

Mpango wa Rais wao unatakiwa kufika Jumatatu ya kwanza ya Februari, na huchelewa mara kwa mara. Kamati za Majeshi, moja katika Baraza la Wawakilishi na nyingine Seneti, hufanya vikao vya kuuhariri mswada kuanzia takriban Mei hadi Julai. Wawakilishi huhariri hadharani. Seneti hufanya sehemu kubwa faraghani. Kisha kila baraza hupitisha toleo lake, matoleo mawili husuluhishwa, mabaraza yote mawili hupigia kura toleo moja, na Rais huwa na siku 10 bila kuhesabu Jumapili. Akikataa, theluthi mbili za kila baraza zinaweza kumshinda. Ilitokea hivyo kwa sheria ya mwaka wa fedha 2021: Wawakilishi walimpiku Rais Trump kwa kura 322 dhidi ya 87, na Seneti ikakamilisha kazi 1 Januari 2021 kwa kura 81 dhidi ya 13.

Kati ya Julai na Disemba ndipo habari nyingi za uongo huzaliwa bila mtu kukusudia kudanganya. Toleo la Wawakilishi likitaja Afrika Mashariki, Julai huandikwa kwamba Marekani imepitisha jambo fulani kuhusu Kenya. Usuluhishi ukiliondoa Novemba, hakuna anayerudi kuandika. Basi kabla ya kusambaza, tazama kama andiko unalolisoma ni mswada wa baraza moja, taarifa ya maelezo ya kamati, au sheria iliyokwisha pewa nambari. Taarifa ya kamati inaweza kuiagiza wizara ilete ripoti, na wizara hutii kwa kuogopa mwaka ujao, lakini haina nguvu ya sheria.

Kwa kutupa jicho

| | Nairobi | Washington |
|---|---|---|
| Mwaka wa fedha | 1 Julai – 30 Juni | 1 Oktoba – 30 Septemba |
| Sheria inayogusa jeshi | Moja, fungu 1041 ndani ya Mswada wa Matumizi | Idhini (NDAA), matumizi ya ulinzi, ujenzi wa kijeshi |
| Ikichelewa | Bunge laweza kuruhusu hadi nusu ya makadirio | Azimio la mwendelezo, au serikali kufungwa |
| Maoni ya mwananchi | Sharti la Katiba | Ya mpiga kura kwa mbunge wake |
| Maelezo katika karatasi | Mistari michache, mikubwa | Majedwali marefu, mradi kwa mradi |
| Rais kutia saini | Siku 14 | Siku 10, Jumapili hazimo |

Mstari wa tatu unastahili maneno zaidi, maana hapo tabia za mifumo hii miwili huachana kabisa. Kenya, sheria isipokuwa tayari 1 Julai, Kifungu cha 222 kinaliruhusu Bunge kuidhinisha matumizi yasiyozidi nusu ya makadirio ya mwaka huo, na kazi inaendelea. Marekani wana azimio la mwendelezo: wizara hutumia kwa kiwango cha mwaka uliopita, na hairuhusiwi kuanzisha mradi mpya. Mwenye hamu na ujenzi wa Magogoni atie hilo akilini, kwa kuwa mkataba mpya unaweza kukaa miezi ukingoja bila mtu yeyote kuukataa. Azimio lenyewe likikosekana, ofisi hufungwa. Mwaka 2025 zilifungwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba. Sheria iliyozifungua ilibeba fedha za ujenzi wa kijeshi za mwaka mzima, huku fedha nyingine za ulinzi zikibaki kwenye mwendelezo. Aliyejua kwamba ujenzi una sheria yake hakushangaa.

Karatasi gani inasema zaidi

Hapa Washington inashinda, na hakuna haja ya kuficha. Sehemu D ya NDAA ni majedwali ya fedha. Jedwali la kifungu 4601 huorodhesha miradi ya ujenzi kwa nchi na kituo, pamoja na kiasi kilichoombwa na kiasi kilichoidhinishwa, sanjari. Ukitafuta jina la nchi ukalikosa, umejifunza kitu, lakini usikimbilie kusema hakuna kinachojengwa. Miradi iliyo chini ya kiwango fulani cha gharama huruhusiwa kama ujenzi mdogo bila kuandikwa jina. Na mafunzo na vifaa kwa majeshi rafiki hupitia kifungu 333 cha sheria zao za kijeshi, ambapo wizara huwaarifu wabunge siku 15 kabla ya kuanza, huku misaada mingine ya kijeshi ikitoka katika bajeti ya mambo ya nje ambayo haimo kabisa katika NDAA.

Fungu 1041 la Nairobi lina programu chache: ulinzi wenyewe, msaada kwa raia, utawala na mipango, na usimamizi wa anga za juu. Programu ya ulinzi hubeba karibu kila kitu, kwa tarakimu kubwa zisizovunjwa kwa kambi wala kaunti. Usitegemee kuona neno "Manda" humo. Mtu akikuonyesha karatasi ya bajeti ya Kenya yenye bei ya kila boti ya Magogoni, muulize kaipata wapi.

Jambo moja watu wa Malindi hulipitia juu juu. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi, na kwa hiyo mambo ya kituo cha Ngomeni, pale Waitaliano walipoanza kurusha roketi miaka ya 1960, yanagusa fungu hilihili la jeshi. Anayetaka kuhoji faida ya kituo kile kwa vijiji vya jirani, mlango wake wa bajeti ni Kamati ya Ulinzi. Wengi huenda kwenye kamati ya elimu au ya utalii na kurudi mikono mitupu.

Pengo la karatasi za Nairobi unaweza kulijaza kiasi kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika ombi, upewe jibu ndani ya siku 21, zinazoweza kuongezwa mara moja kwa siku 14. Usalama wa taifa ni kizuizi kinachotambuliwa na sheria hiyo, hivyo ukiuliza idadi ya risasi utanyimwa kwa haki. Uliza vitu visivyo siri: kiasi kilichotumika kwa msaada kwa raia katika kaunti, au deni kwa wauzaji wa chakula wa eneo. Ukinyimwa hata hivyo, una siku 30 za kulipeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Fedha zinapohama njiani

Hili ndilo jambo ambalo mafundi wa bajeti hulitazama kwanza na wananchi mwisho. Kiasi kilichopitishwa Juni si lazima kiwe kiasi kilichotumika. Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali, zilizoidhinishwa zisipotosha au hitaji lisilotarajiwa likizuka, kutumia kwanza fedha zisizoidhinishwa, kisha itafute idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Kikomo ni asilimia 10 ya kiasi Bunge lilichoidhinisha mwaka huo, isipokuwa Bunge likubali zaidi kwa sababu maalumu. Bajeti za ziada huja zaidi ya moja kwa mwaka, hupita haraka, na nafasi ya maoni huwa finyu. Mahitaji ya usalama ni dharura kwa asili yake, na dharura ndiyo lugha ya kifungu hiki. Ukiwa na siku moja tu ya kusoma kwa mwaka, usiitumie kwa makadirio ya Aprili. Weka bajeti ya ziada kando ya makadirio, tazama fungu 1041 katika zote mbili, na tofauti itakueleza zaidi ya hotuba yoyote.

Na idhini si fedha taslimu. Mdhibiti wa Bajeti ndiye anayeruhusu fedha zitoke Hazina, na ripoti zake za robo mwaka huonyesha kila fungu limepokea kiasi gani kati ya kilichoidhinishwa. Mkaguzi Mkuu naye ana miezi sita baada ya mwaka kuisha kutoa ripoti yake, na Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili. Hesabu kichwani: matumizi ya Julai mwaka huu utayasoma yakiwa yamekaguliwa takriban mwaka mmoja na nusu baadaye. Ni muda mrefu, ila ndiyo karatasi ambayo wakubwa huulizwa maswali juu yake kwenye Kamati ya Hesabu za Umma.

Marekani nao huhamisha. Sheria ya matumizi huweka kila mwaka kikomo cha mabilioni ambayo wizara inaweza kuyatoa mstari huu kuyapeleka ule, na kwa kiasi kikubwa kamati lazima zikubali kwanza. Maombi hayo huchapishwa. Kwa mtu wa Lamu ni kusoma tu, hakuna la kufanya.

Ni nani atakusikiliza

Huko Washington, ofisi ya mbunge huuliza kwanza: unatoka jimbo gani? Barua ya kikundi cha Shela au Faza haina jibu la swali hilo. Kumlipa mtu wa kule akusemee kunaweza kumtia katika sheria yao ya 1938 inayowataka mawakala wa watu wa nje wajiandikishe, na kwa kikundi kidogo gharama na makaratasi yake havina maana. Njia yenye akili ni ndugu wa Amu aliye raia wa kule aandikie mbunge wake mwenyewe, kwa jina lake, akiuliza swali moja mahususi. Ipo njia nyingine isiyohusu bajeti: sheria zao zinakataza msaada kwa kikosi cha kigeni ambacho kuna habari za kuaminika kwamba kimevunja haki za binadamu kwa ukatili mkubwa. Ushahidi uliopangwa vizuri wenye tarehe, mahali na jina la kikosi unaweza kuwa na uzito pale ubalozi unapochunguza kikosi kabla ya mafunzo.

Nairobi watakusikiliza, lakini wanasikia kwa namna yao. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inasema ongezeko lolote katika fungu moja lazima lilipwe kwa punguzo katika jingine. Kwa hiyo barua inayosema "tuongezewe" na isiyosema "punguzeni hapa" huwekwa kando, na karani hana kosa. Andika ukurasa mmoja: nambari ya fungu, jina la programu, kiasi cha sasa, kiasi unachopendekeza, kitakapotoka, na sababu mbili. Malalamiko ya miaka kumi yaweke kwenye kiambatisho.

Kosa kubwa zaidi la barua za kutoka hapa ni sare. Anayewasimamisha wavuvi majini si lazima awe mwanamaji wa jeshi la Kenya (KDF). Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoundwa kwa sheria ya 2018, kiko chini ya wizara ya usalama wa ndani, pamoja na GSU, kikosi maalumu cha polisi, na polisi wa mpakani. Fedha zao haziko 1041, na kamati yao ni ya Utawala na Usalama wa Ndani. Basi kabla ya kuandika, wavuvi wakubaliane: boti ilikuwa na alama gani, sare rangi gani? Vivyo hivyo kwa vijiji vya msitu wa Boni. Kule Basuba, Mangai na Milimani, wanajeshi wapo kwa fedha za 1041, walimu ni wa tume ya walimu, zahanati ni ya kaunti. Barua moja ikidai vyote vitatu kwa kamati moja hupata jibu la theluthi moja, tena kwa bahati.

Na vikao vya bajeti vya kaunti, vile vya Mokowe au mjini Lamu? Viko karibu, chai ipo, na havina uwezo wowote hapa. Ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa kwa Ratiba ya Nne ya Katiba. Nenda kwa ajili ya gati, taa za barabarani na zahanati, mambo ambayo huwapunguzia watu shida ya usalama kuliko wanavyodhani.

Mifano mitatu ya kuchagua

Mei 2024 Rais Ruto alipozuru Washington, serikali mbili zilitangaza njia ya ndege ya futi 10,000 huko Manda Bay. Kwa swali la kiasi na ratiba, fuata karatasi za Washington, sheria ya ujenzi kuliko ile ya matumizi ya ulinzi. Kwa swali la ardhi, mazingira na njia za wavuvi, karatasi hizo hazitakusaidia. Hayo yanaamuliwa hapa kwa sheria za Kenya. Na kwa swali kama wanajeshi wa kigeni wawepo kabisa, acha bajeti zote mbili. Kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge kwa majeshi ya kigeni kuwekwa nchini, na Bunge hapo ni mabaraza yote mawili. Hapo ndipo Seneta wa Lamu ana kura, na kumwandikia yeye si kupoteza wino.

Ziara hiyohiyo ilitangaza helikopta 16 na magari ya deraya takriban 150 kwa jeshi la Kenya. Msaada wa namna hiyo hauonekani kama ununuzi katika fungu 1041, na wengi huishia kusema ni wa bure. Mafuta, vipuri, marubani na mafundi ni wa Kenya, mwaka baada ya mwaka. Swali zuri kwa Kamati ya Ulinzi mwezi Mei ni dogo: gharama ya kuvitunza imo katika makadirio, au itakuja kwa bajeti ya ziada?

Wa tatu ni mvuvi aliyeharibiwa nyavu zake au kunyimwa eneo la kuvulia. Bajeti si dawa yake, wala ya Nairobi wala ya Washington, kwa kuwa fungu la wizara halimlipi mtu mmoja mmoja fidia kwa barua. Njia zake ni ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119, au mahakama. Mahakama Kuu ya Malindi, katika uamuzi wake wa 2018 kuhusu bandari ya Lamu, iliwapa wavuvi fidia ya shilingi bilioni 1.76 na kukosoa jinsi wananchi walivyoshirikishwa. Kesi hiyo ilikuwa ya bandari, si ya jeshi, na ilifunguliwa 2012. Miaka sita. Anayechagua njia hiyo aanze kwa kuweka kumbukumbu za samaki anaowavua kila siku, kwa kilo na mahali, kwa maana hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.

Kwa atakayechagua barua ya Mei: tuma nakala kwa kamati zote mbili, ya Ulinzi na ya Bajeti, peleka nyingine kwa mkono ofisi ya mbunge, na omba muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ripoti ya Kamati ya Bajeti ikitoka Juni, tafuta sehemu ya maoni ya umma. Ukikuta kikundi chako hakikutajwa, muhuri huo ndio ushahidi wako kwamba Kifungu cha 221 hakikufuatwa.